Fundi wa Jumamosi na Tindo ya Springi



Leo nina maneno na fundi wa Jumamosi. Namwita hivyo kwa sababu siku nyingine za juma ana kazi yake: ni mwalimu, karani, dereva wa basi, muuguzi, pengine mama mwenye duka la vitambaa. Lakini nyuma ya nyumba ana banda. Ndani ya banda mna meza nzito, jiliwa lililokazwa kwa bolti nne, tupa mbili tatu, na boksi la vyuma chakavu ambalo watu wa nyumbani wameshalilalamikia mara nyingi. Hauzi chochote. Anapenda chuma, basi.

Fundi huyu akipata fedha kidogo, kitu cha kwanza anachokimbilia ni mashine ya kuchomelea. Namwelewa. Cheche zinavutia, geti la nyumbani limelegea, na jirani naye ana kiti cha chuma kilichokatika mguu. Hata hivyo nasema ameingilia mlango usio wake. Mashine ya kuchomelea itakufundisha kuunga vyuma. Chuma chenyewe haitakufundisha. Unaweza kuchomelea mageti miaka kumi na usijue kwa nini kisu kimoja kinashika makali mpaka kinarithiwa, na kingine kinapinda siku ya kwanza kwenye mfupa wa mbuzi.

Rai yangu ni hii. Kabla ya mashine yoyote, tengeneza tindo moja kwa mkono wako, kutoka kwenye springi ya gari iliyotupwa. Naisema tindo ile ya kukatia chuma, inayogongwa kwa nyundo kichwani. Kwenye maduka ya vifaa zipo, tena bei yake si kubwa, na baadhi yake ukizigonga kwenye nondo mara tatu makali yanajikunja. Yako haitajikunja ukifuata moto vizuri, na ukishaimaliza utakuwa umegusa karibu kila kitu ambacho ufundi wa chuma unakidai: kukata, kufua, kupiga tupa, kupasha, kutia matiko na kunoa.

Kwa nini springi? Kwa sababu vyuma havilingani. Nondo ya kujengea, engo ya kutengenezea dirisha, flati baa, bomba la maji, vyote hivyo ni chuma laini. Kaboni iliyomo ni ndogo, mara nyingi kama robo ya asilimia au chini ya hapo. Vipashe mpaka viwake, vitumbukize majini utakavyo, havitapata ugumu wa kukata chuma kingine. Springi bapa ya gari ni feleji. Ina kaboni karibu asilimia 0.6, na ndani yake wenye viwanda wameongeza kromi au silikoni kidogo. Ukizihesabu tarakimu hizo unaona tofauti yenyewe haifiki hata nusu ya asilimia moja. Lakini hiyo ndiyo inayotenganisha msumari na kisu.

Na kaboni si jambo geni kwa watu wa pande hizi. Mwaka 1978 jarida la Science la Marekani lilichapisha makala ya Peter Schmidt na Donald Avery kuhusu Wahaya wa magharibi mwa Ziwa Victoria. Wazee wa huko walikuwa wameacha kuyeyusha chuma kwa miongo kadhaa, maana chuma cha Ulaya kilishawafikia kwa bei nafuu. Walipoombwa, wakajenga tanuri upya kutokana na kumbukumbu zao. Shimo la chini walilijaza majani ya kinamasi yaliyounguzwa, na mabomba ya udongo ya mivukuto wakayaingiza ndani kabisa ya tanuri, hayakuishia mdomoni. Watafiti wale wakasema hewa ilikuwa inapata joto ndani ya mabomba kabla ya kufika motoni, na kwamba tanuri za kale zilizofukuliwa eneo hilo, zenye umri wa miaka 1,500 hadi 2,000, zilifanya kazi kwa namna hiyo hiyo na kutoa chuma chenye kaboni. Wataalamu wengine wakabishana nao kuhusu hiyo hewa, kama kweli inaongeza joto kiasi kilichodaiwa. Mimi ubishi huo siuingilii. Ninachokipenda ni yale majani. Aliyeamua kuyaunguza na kuyatandika chini ya tanuri alikuwa anaijua kaboni kwa matendo, hata kama hakuwa na jina lake.

Turudi bandani. Springi ya lori ndiyo nzuri kwa tindo, kwa sababu unene wake mara nyingi hufika milimita 10 na kuzidi. Kabla hujailipia kwa mwenye gereji, ifute uchafu na uitazame kwenye mwanga wa pembeni. Springi haikutupwa bure. Imebeba mizigo miaka na miaka, na huenda ina ufa mwembamba usioonekana kwa haraka. Mahali ilipokatikia, kata na utupe sentimita kadhaa kila upande.

Na kama umeokota kipande usichokijua asili yake? Kipitishe kwenye grinda jioni, banda likiwa na giza, uzitazame cheche. Chuma laini hutoa mistari mirefu iliyonyooka, yenye matawi machache mwishoni. Feleji yenye kaboni hutoa mistari inayopasuka njiani, na kila mpasuko unapasuka tena. Chuma cha kusubu, kile kinachomiminwa, cheche zake ni fupi na nyekundu, hazina furaha. Weka pembeni kipande cha nondo na kipande cha tupa kuukuu, uvipitishe kwa zamu kisha ulinganishe. Macho yakishazoea, hutamwuliza mtu.

Hapo nimeitaja grinda, basi niseme moja kuhusu hiyo kabla sijasahau. Grinda ndogo, ya diski ya milimita 115, huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Diski kubwa ya milimita 230 imetengenezwa kwa mwendo usiozidi kama mara 6,600. Kuna watu wanaivua ngao ya grinda ndogo ili diski kubwa ienee, wakisema inakata haraka. Inakata haraka kweli, mpaka siku itakapopasuka, na vipande vyake havichagui pa kwenda. Kama ngao haimo, usiiwashe. Na miwani ya kukinga macho ivaliwe machoni. Wengi wetu tunaivaa kwenye paji la uso.

Kata sasa kipande cha sentimita 20 kwa urefu na sentimita mbili kwa upana. Grinda yenye diski nyembamba itakifanya kwa dakika chache. Asiye na grinda apashe springi mpaka iive nyekundu, kisha aizike ndani ya ndoo ya majivu makavu mpaka kesho yake. Majivu hayaachii joto haraka, chuma kinapoa polepole mno na kinalainika kiasi cha kukubali msumeno wa mkono. Meno ya msumeno yatazame mbele, mbali na wewe, na mzigo uuweke wakati wa kusukuma tu. Ukiuvuta huku unaukandamiza, unayafanya meno kuwa butu bila faida.

Jiko la kufulia halihitaji gharama. Dramu ya breki ya lori, tundu la katikati limefungwa kwa sahani ya chuma yenye vitundu, chini yake bomba la inchi moja na nusu, na mwisho wa bomba drayeri mbovu ya saluni ambayo waya wake wa joto umeungua lakini feni bado inazunguka. Huo ndio mvukuto wako. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, na wenzao wa Dar es Salaam wamekuwa wakibuni mivukuto kwa vitu vya namna hii muda mrefu, wengine kwa gurudumu la baiskeli na mkanda. Mkaa wa kupikia unatosha. Uvunje vipande vya sentimita tatu hivi na uupange wenye kina, maana moto wa juujuu unaunguza chuma bila kukiivisha. Kipande chako kikae katikati, mkaa ukiwa chini yake na juu yake. Kisikaribie tundu la hewa, kwani hapo ndipo hewa mbichi inapokila na kukitoa magamba.

Bomba la hewa lisiwe lile la maji lenye rangi ya fedha. Rangi ile ni zinki, na zinki huchemka kwenye nyuzi joto 907, joto ambalo jiko hili linalifikia bila shida. Moshi wake mweupe ukiuvuta, jioni unatetemeka kwa homa na baridi kama mgonjwa wa malaria, na wako waliokwenda kupimwa malaria kwa sababu hiyo. Bandani wanasema dawa yake ni maziwa. Maziwa yanywe kwa sababu unayapenda. Moshi ulio mapafuni hauna habari nayo. Hali kadhalika mkaa unaowaka unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Banda liwe wazi pande mbili, na jiko lisiingizwe ndani ya chumba hata mvua ikinyesha.

Fuawe nalo linawasumbua wengi, kwa sababu fuawe la kiwandani ni ghali na ni zito kusafirisha. Watu wanakimbilia kipande cha reli. Sikatai kwamba reli ni chuma kizuri, lakini swali ni imetoka wapi. Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha biashara ya chuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu nguzo za umeme na reli zilikuwa zinaibwa na kuuzwa kwa kilo. Usipojua kipande chako kimeng'olewa wapi, kiache. Lipo jambo rahisi zaidi: ekseli iliyokatika ya lori. Isimamishe wima, uizamishe kwenye gogo zito, na ufulie juu ya kichwa chake. Uso ni mdogo, ila chuma chote kilicho chini ya nyundo kimejipanga wima, na pigo haliyumbi. Kwa kazi ya tindo, uso wa sentimita nne unakutosha.

Kufua kwenyewe sitakueleza sana, maana mkono unajifunza kwa kupiga. Chuma kitoke motoni kikiwa na rangi ya chungwa lililoiva, upige, na kikishafifia kuwa chekundu cha giza urudishe motoni. Hapo ndipo wanaoanza wanapoharibu: wanataka pigo moja zaidi, halafu moja tena, na springi inayopigwa ikiwa imeshapoa hupasuka ndani kabla haijapasuka nje. Kwa upande wa pili, ukiona kipande kinatoa vicheche vyenyewe ndani ya mkaa kama mmeto wa fataki, kimeungua. Hakuna cha kuokoa. Kata ncha hiyo. Piga pande mbili kwa zamu, na kila mapigo machache kigeuze upige kingo ili kisipanuke. Nyundo ya kilo moja inatosha.

Ukipata umbo, lipashe mpaka sumaku isilishike, ulitoe, ulitundike hewani lipoe lenyewe. Fanya hivyo mara tatu. Wengi wanaliruka jambo hili kwa haraka ya kufikia kwenye mafuta. Kufua kwa moto mkali kunazikuza punje za ndani ya chuma, na kupasha na kupoza huku kunazirudisha kuwa ndogo. Kisha kipashe kipande tena, ukizike kwenye majivu, na kesho yake upige tupa. Ncha iwe na mtelemko wa pande mbili unaokutana kwa pembe ya karibu nyuzi 60. Hiyo ni ya kukatia chuma. Kwa alumini, pembe hushuka mpaka 30 hivi. Usiifikishe kwenye ukali kamili sasa. Bakiza unene wa nusu milimita, kwa sababu ncha nyembamba mno huungua motoni na hupasuka kwenye mafuta. Mikwaruzo ya kupita kando ya makali uisugue kwa msasa. Ufa hupenda kuanzia kwenye mkwaruzo.

Sasa tumefika. Hiki ndicho kiini cha mazungumzo ya leo, na yote niliyoyasema yalikuwa njia ya kufikia hapa.

Chuma kikiwa baridi, atomi zake zimepangwa kwa namna fulani, na mpango huo hauna nafasi ya kuihifadhi kaboni. Kaboni inakaa pembeni, kwa matabaka. Ukikipasha kupita nyuzi 727, mpango unaanza kubadilika, nafasi zinapatikana, na kaboni inaingia na kutawanyika ndani ya chuma chote. Ukikiacha kipoe taratibu, kaboni inapata muda wa kutoka na kurudi kwenye matabaka yake. Ukikipoza kwa ghafla, muda huo haupo. Kaboni inanaswa ndani, mpango unajikunja kwa nguvu, na chuma kinakuwa kigumu mno na chepesi kuvunjika. Hali hiyo wataalamu wameipa jina la Mjerumani Adolf Martens, aliyekuwa akichunguza vyuma kwa hadubini mwishoni mwa karne ya 19, wanaiita matensaiti. Fundi wa kijijini aliyekuwa akizamisha jembe kwenye maji miaka elfu kabla yake alikuwa anaitengeneza.

Kwa hiyo kazi yako ni moja: kujua lini kaboni imeshaingia. Kipima joto cha viwandani huna. Una sumaku, na sumaku ya spika mbovu ya redio inafaa sana. Ifunge kwenye waya. Feleji ikiwa baridi inaivuta. Ikifika nyuzi 770 inaiacha kabisa, kwa sababu hapo chuma kinapoteza usumaku wake. Springi inataka kupita hapo kidogo, nyuzi 830 hadi 850. Njia ya kujua kwamba umepita ni chumvi ya mezani, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 801. Nyunyizia chembe chache juu ya chuma: zikikaa kama zilivyo, bado, zikiyeyuka na kutanda, umeshapita, ongeza pumzi chache za feni na utoe. Chumvi hiyo uisugue baadaye, la sivyo italeta kutu.

Rangi pia inasema, na wahunzi wengi hawatumii kingine. Lakini rangi inadanganya kwenye mwanga. Kipande kile kile kinachoonekana chekundu kivulini, juani kinaonekana cheusi, na fundi anayefanya kazi hii saa sita mchana uwanjani atakipasha kupita kiasi kila mara. Fanya jioni, au pazia lishushwe. Joto likizidi sana, punje za ndani zinakua. Ukitaka kuona ubaya wake, chukua kipande cha ziada cha springi hiyo hiyo, kipashe kupita kiasi, kizamishe, kibane kwenye jiliwa, kifunike kwa gunia ili vipande visiruke, halafu kivunje kwa nyundo. Ndani utakuta punje kubwa zinazong'aa kama sukari. Kipashe kipande kingine kwa kipimo cha sumaku na chumvi, ukivunje pia: ndani ni kijivu, laini, punje hazionekani kwa jicho. Sehemu hizo mbili zitakueleza zaidi kuliko mazungumzo yangu yote, na gharama yake ni sentimita nne za chuma chakavu.

Kizamishwe kwenye nini? Wengi watakwambia maji. Kwa chuma chenye kaboni peke yake, maji ni sawa. Springi, kwa sababu ya zile nyongeza za kiwandani, haihitaji kupozwa kwa haraka hivyo, na maji mara nyingi huipasua. Unasikia mlio mdogo, tiki, na kazi imekwisha. Tumia mafuta ya kupikia, ya alizeti au ya mimea mingine, lita tatu nne ndani ya chombo cha chuma chenye kifuniko. Oili chafu ya gari iache gereji. Moshi wake una mabaki ya injini ambayo huna sababu ya kuyavuta. Mafuta yako yapashe moto kidogo, nyuzi 50 au 60, kwa kutumbukiza kipande cha nondo ya moto. Mtu anashangaa: kupoza chuma kwa mafuta ya moto? Mafuta baridi ni mazito na yanatembea polepole. Ya vuguvugu yanakuwa mepesi, yanazunguka chuma na kulibeba joto lake kwa haraka zaidi.

Pasha sentimita tano au sita za ncha peke yake. Kichwa cha tindo kibaki laini, kwa sababu kichwa kigumu kikigongwa kwa nyundo ngumu hutoa vipande, na mtu anapoteza jicho. Toa kwa koleo refu, ingiza wima, upandishe na kushusha ndani ya mafuta. Ukikituliza, mvuke unakizunguka chuma kama blanketi na unazuia mafuta yasikiguse. Mafuta yatatoa moshi na pengine yatashika moto juu. Ndiyo maana nimesema kifuniko kiwe karibu, na usimwagie maji. Nywele zifungwe, kanga isipeperuke, ndala zibaki mlangoni.

Kikipoa kiasi cha kushikika, jaribu kwa tupa. Pitisha tupa kuukuu kwenye ncha. Ikiteleza bila kuuma, na mlio wake umekuwa mwembamba, chuma kimekubali. Ikiuma, joto halikufika; rudia. Ukishafaulu usiifurahie tindo hiyo kwa kuigonga. Kwa sasa ikianguka kwenye sakafu ya saruji inaweza kukatika.

Ndipo tunaingia kwenye nusu ya pili, ambayo wauza tindo za bei rahisi huiruka au huifanya kwa pupa. Ugumu uliopatikana lazima upunguzwe kidogo, ili kaboni iliyonaswa ipate kujinyoosha na chuma kipate ukakamavu. Sugua ncha kwa msasa mpaka ing'ae upande mmoja. Kisha ipashe polepole kutoka upande wa kichwa, kwa kuilaza juu ya kipande kinene cha chuma kilichotoka motoni, na utazame pale palipong'arishwa. Baada ya muda rangi zinatokea na zinatembea kuelekea kwenye ncha. Ya kwanza ni manjano hafifu, karibu nyuzi 220. Inafuata manjano iliyokolea, halafu kahawia kwenye 255 hivi, zambarau kwenye 275 hadi 285, na bluu karibu na 300. Si rangi ya chuma chenyewe. Ni utando mwembamba sana wa oksidi, na kadiri joto linavyopanda utando unazidi kunenepa na kurudisha mwanga kwa namna nyingine.

Kisu unakisimamisha kwenye manjano, kwa sababu kisu hakigongwi. Tindo inapokea nyundo, kwa hiyo unaingoja mpaka zambarau ifike kwenye makali. Hapo hapo itumbukize kwenye mafuta isimame. Ukichelewa ikawa kijivu, ugumu umekwenda, na huna njia nyingine ila kurudi kwenye sumaku na chumvi. Mafundi wakongwe wanafanya yote kwa moto mmoja: wanazamisha ncha peke yake sentimita mbili, wanaitoa, wanaisugua haraka kwa kipande cha jiwe la kunolea, na joto lililobaki nyuma linakuja lenyewe kupaka rangi kwenye ncha. Ni jambo la kupendeza kulitazama, lakini halikupi nafasi ya kufikiri. Anza na mioto miwili.

Sasa noa. Hapa tena grinda inaweza kuharibu kazi ya juma zima ndani ya sekunde tatu. Ncha nyembamba hupata joto haraka, na rangi ya bluu ikitokea kwenye makali wakati wa kunoa, basi sehemu hiyo umeshailainisha. Weka kopo la maji karibu, gusa jiwe, zamisha, gusa, zamisha. Ncha iwe baridi kwa vidole wakati wote, ndiyo sababu ya kunoa bila glavu. Glavu na jiwe linalozunguka havipatani kwa vyovyote.

Ijaribu sasa. Weka nondo ya milimita 10 juu ya fuawe, simamisha tindo, piga kwa nguvu ya kawaida, ukague makali baada ya kila mapigo matatu. Makali yakijikunja, ni laini mno: joto la kuzamisha halikutosha, au zambarau uliipita. Yakimeguka vipande vidogo, ni magumu mno. Ipashe tena mpaka bluu ikaribie, bila kuizamisha upya. Yakibaki kama yalivyo, nondo imekatika na una tindo. Kichwa nacho ukitazame kila baada ya kazi. Kikishachanua na kingo zake kujikunja chini, zisage zile kingo kabla hazijaruka.

Ukibakiwa na springi, na utabakiwa nayo maana bapa moja la lori ni refu, tengeneza panchi ya kuwekea alama za matundu. Moto wake ni huo huo, na rangi ni zambarau. Juma lijalo, saa hii hii, tutaitumia panchi hiyo kwenye kazi ya ribiti, namna mafundi walivyokuwa wakiunga vyuma kabla umeme haujafika bandani.